Kalamu ya Mtafiti wa Wadudu

Kila Januari, mahindi yakifika magotini, sentensi moja huzunguka hapa Mshangano, Songea, kwa mdomo, kwa simu na kwa karatasi zinazopelekwa ofisi ya kata: "Wadudu wamevamia mahindi, hali ni mbaya, tunaomba msaada." Ni sentensi ya mtu mkweli. Aliyeiandika ana watoto wa kulisha na deni la mbolea, na hofu yake ina sababu. Lakini mpelekee sentensi hiyo afisa ugani aliye upande wa pili wa Songea, kisha umtazame anavyohangaika nayo. Wadudu gani? Wamevamia shamba lipi, upande upi, tangu lini? Wapo bado, au wameshaondoka wakaacha majani yaliyotoboka? Mahindi yana umri gani? Maneno manane yamebeba uchungu wote wa mwandishi, wala hayakubeba hata alama moja ya mdudu mwenyewe.

Tuichukue sentensi hiyo, tuiandike upya kama mtafiti wa wadudu angeiandika katika daftari lake la shambani:

"Mshangano, shamba la eka moja kwenye mteremko unaoshuka bondeni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado upo. Mahindi yana majani saba. Nimekagua mimea hamsini: kumi kumi katika sehemu tano za shamba. Mimea kumi na minane ina matundu kwenye majani na kinyesi kibichi, kama unga wa mbao, ndani ya moyo wa mmea. Katika mimea kumi na mmoja nimemkuta kiwavi hai, mmoja kwa kila mmea. Usoni ana mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Ukingo wa kusini, uliopakana na maharage, umeguswa mmea mmoja tu. Shamba la jirani sijalikagua."

Neno "mbaya" limetoweka, na hapo ndipo ubaya wenyewe unapoonekana. Afisa ugani akiyasoma haya anamjua adui kwa sura: ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka Amerika aliyethibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na hapa Tanzania mwaka 2017. Si yule kiwavijeshi wetu wa zamani, anayetembea kwa maelfu akifyeka nyasi na nafaka. Anajua kwamba zaidi ya theluthi ya mimea iliyokaguliwa imeguswa, kwamba kinyesi kibichi maana yake mlaji yumo bado, na kwamba kiwavi amekutwa mmoja mmoja kwa kuwa wa aina hii wakikua hulana wao kwa wao. Anajua kwa nini mwandishi alikwenda alfajiri: jua likipanda, kiwavi hujichimbia ndani ya moyo wa mmea, ambako dawa haimfikii kwa urahisi. Na ile sentensi ya mwisho, ya shamba la jirani, inamwambia jambo kubwa kuliko yote: huyu aliyeandika anajua macho yake yameishia wapi.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu: kuyachukua maandishi ya kila siku, tangazo, ujumbe wa simu, muhtasari wa kikao, barua ya malalamiko, na kuyaandika upya kwa kalamu ya mtafiti wa wadudu. Kwa mtazamo wa haraka ni zoezi la wanafunzi. Kwa mtu aliyelifanya kwa muda, ni namna ya kuishi na ukweli, kwa sababu kila ukijaribu kuandika hivyo unagundua ni sentensi ngapi tunazotoa kwa siku bila kuwa tumeona chochote.

Ufundi huu una masharti machache, na kila sharti lina sababu yake. Mahali hutajwa kwa sababu bonde na mteremko wa shamba lilelile haviliwi sawa. Saa hutajwa kwa sababu viumbe hawa wana ratiba kali: mbu wa malaria huuma usiku, mbu wa dengi huuma mchana. Idadi hutajwa kwa sababu "wengi" ya mtu aliyeogopa na "wengi" ya mtu aliyezoea hazilingani. Alama za mwili huandikwa kabla ya jina, maana jina linaweza kukosewa, lakini madoa manne yakiandikwa vizuri mtu mwingine anaweza kulisahihisha jina hata baada ya miaka. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari Ronald Ross alipokuta vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, hakumjua mbu huyo kwa jina la kitaalamu. Alikuwa amekwisha kupasua mbu wa aina nyingine kwa muda wa miaka miwili bila mafanikio. Akaandika alichokiona: huyu ana mabawa yenye madoa. Maelezo hayo ndiyo yaliyowawezesha wengine kumfuata mbu sahihi. Na sharti la mwisho, gumu kuliko yote, ni kuandika ambacho hakikuonekana sambamba na kilichoonekana.

Masharti yote haya yamekusanywa katika kitu kidogo sana, nacho ni lebo. Katika makumbusho, kwa kawaida mdudu huchomwa pini, na chini yake, kwenye pini hiyohiyo, kuna kikaratasi kisichozidi ukucha. Kimeandikwa nchi, mkoa, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la aliyemkusanya na njia aliyotumia. Mwezi mara nyingi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, kwa sababu nchi nyingine hutanguliza siku na nyingine hutanguliza mwezi, na 3/8 inaweza kusomwa Agosti tatu au Machi nane. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa atakayekuja kuukagua. Huyo atakayekuja hajulikani, huenda hajazaliwa. Sina heshima ninayoijua kwa msomaji inayopita hiyo. Mdudu mwenye rangi za ajabu asiye na lebo ni pambo tu, na mdudu mbovu aliyekatika mguu lakini mwenye lebo kamili ni ushahidi.

Ushahidi huo umewahi kututoa kimasomaso sisi wa nyanda za kusini. Mwaka 1950, huko Ufipa, alikusanywa dume mmoja wa mdudu asiye na mabawa, akaandikiwa mahali na mwaka, akahifadhiwa. Akakaa katika makumbusho ya Ulaya kwa nusu karne bila mtu kumtambua. Mwaka 2002 Klaus-Dieter Klass, Oliver Zompro na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata oda mpya ya wadudu, Mantophasmatodea. Oda ni daraja kubwa: vipepeo na nondo wote wa dunia ni oda moja, mbawakawa wote ni oda moja. Hakuna oda mpya ya wadudu walio hai iliyokuwa imetangazwa tangu mwaka 1914. Dume wa Ufipa alikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyotumika kuitambulisha, pamoja na wenzake wa Namibia, na leo jenasi yake inaitwa Tanzaniophasma. Aliyemwandikia lebo hakujua ameshika nini. Aliandika kwa uaminifu zaidi ya alivyoelewa, na uaminifu ule ukasubiri miaka 52 mpaka uelewa ulipoufikia.

Sasa chukua muhtasari wa kikao chochote cha mtaa. "Wajumbe walijadili suala la maji kwa kina na kukubaliana lifanyiwe kazi." Baada ya miaka hamsini sentensi hiyo itakuwa na faida gani kwa mjukuu wa mjumbe? Iandikwe upya: bomba lipi, karibu na nini, lilitoa maji kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, siku zipi za wiki, ndoo ngapi zilikuwa kwenye foleni jua lilipochomoza, nani alikwenda kuangalia na nani aliambiwa tu. Kikao kitakuwa kilekile na wajumbe walewale, ila muhtasari utakuwa umepata lebo.

Nimesema sharti gumu ni lile la kuandika ambacho hakikuonekana, na mfano wake nautoa kwenye ugonjwa wa kwetu. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa usubi, ugonjwa unaowasha ngozi na mwisho wake kupofusha, unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliwa kwenye maji yaendayo kasi. Na sisi ni watu wa maji: Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, pembeni mwa mji wa Songea. Kwa miaka mingi watafiti nchini Kenya walimjua nzi mmoja wa kundi hilo, Simulium neavei, kwa kuumwa naye tu. Alikozaliwa hapakujulikana. Unaweza kugeuza mawe ya mto na kukagua majani yaliyozama siku nzima usimpate kiluwiluwi wake hata mmoja. Mwaka 1950 van Someren na McMahon wakatoa jibu: viluwiluwi wa nzi huyo huishi wamejibandika kwenye miili ya kaa wa mtoni, wakisafiri nao. Katika Usambara Mashariki, kule Amani, jamaa yake aitwaye Simulium woodi naye huzaliwa juu ya kaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mito ya magharibi mwa Kenya ilikwisha kutiwa dawa, na nzi yule akatoweka huko.

Nani angefika kwa kaa, kama angeridhika na sentensi ya kawaida, "nzi wa usubi huzaliwa mtoni"? Sentensi hiyo haina kosa, na kwa kuwa haina kosa inamfanya mtu akae kitako. Anayeandika "mawe haya nimeyageuza, hakuna" ameacha mlango wazi kwa swali linalofuata: kama si kwenye mawe, ni kwenye nini? Katika maisha yetu tunaona aibu kuandika "sikuona", tukidhani ni kukiri udhaifu. Kumbe ni taarifa kamili, na mara nyingine ndiyo inayomwelekeza mwenzako pa kutafuta.

Tuje kwenye tangazo lililozoeleka kila mvua zikikolea: "Wananchi wote mnatakiwa kufanya usafi wa mazingira, mbu wamezidi." Mtafiti wa wadudu angetoka na daftari kabla ya kutoka na fagio, akaandika hivi:

"Nyuma ya kibanda cha fundi pikipiki: tairi kuukuu, maji ya kina cha vidole viwili. Viluwiluwi wamening'inia vichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji. Kivuli cha mkono kikipita, wote wanazama. Njia ya ng'ombe iendayo bondeni: nyayo zilizojaa maji ya mvua, maji maangavu, jua linayapiga. Humu viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji. Shimo la kufyatulia matofali: haohao wa kulala, wengi kuliko kwenye nyayo. Karo la maji ya kuogea: wa kuning'inia tu, wa kulala sikuwaona."

Kwa macho ya tangazo, wote ni mbu. Kwa macho ya daftari, wapo wa aina mbili, na tofauti yao ni ya uhai na kifo. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa jamii ya Anofelesi, wanaoeneza malaria. Wale wa kuning'inia ni wa jamii nyingine, wakiwemo wanaoeneza dengi na matende. Fagio la usafi huo litaondoa tairi, na ni vizuri liondolewe, lakini nyayo za ng'ombe na mashimo ya matofali yatabaki yaking'aa juani, na malaria itabaki nayo. Tangazo liliwafanya watu watoke jasho. Daftari lingewaonyesha pa kulitolea.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya hapo katika nchi yetu. Miaka ya 1960, katika eneo la Muheza mkoani Tanga, Mick Gillies na mwenzake Wilkes walipasua maelfu ya mbu jike na kukagua mirija ya mayai yao ili kujua kila mmoja amekwisha kutaga mara ngapi, yaani ana umri gani. Sababu yake ni nzito: kimelea cha malaria kinahitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kukipitisha kwa mtu. Mbu kijana anaudhi, ila hatari ya malaria iko kwa mbu aliyezeeka. Kwa hiyo "mbu wamezidi" ni nusu ya habari, maana dawa inayofupisha maisha ya mbu inaweza kukata malaria kuliko idadi yao inavyoonyesha. Ukisoma kazi ya namna hiyo unaona subira iliyogeuka huruma: mtu ameinamia darubini miaka kadhaa ili mtoto wa Muheza, na wa Mshangano, asife kwa homa.

Juni na Julai mahindi yakishaingia ghalani, sentensi ya Januari hurudi kwa sura nyingine: "Fukusi wamemaliza mahindi." Huenda ni kweli. Huenda pia si fukusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tabora, wakulima waliona mahindi ya ghalani yakigeuka unga kwa kasi wasiyoizoea. Wakampachika mdudu huyo jina la Scania, kwa yale malori makubwa. Ndiye tunayemwita dumuzi, na asili yake ni Amerika ya Kati na Meksiko. Mwenye kalamu ya mtafiti hataanza na jina. Ataandika: mdudu mdogo wa hudhurungi, mwili wa duara mrefu, mwisho wake kama umekatwa kwa kisu, kichwa hakionekani ukimtazama kwa juu, unga mwingi chini ya magunzi. Au ataandika: kichwa kimechongoka mbele kama mkonga, punje ina tundu moja la duara. Wa kwanza ni dumuzi, wa pili ni fukusi. Dumuzi hushamiri zaidi kwenye mahindi yaliyoachwa na magunzi yake, kwa hiyo kupukuchua mapema ni sehemu ya tiba. Na dawa inayommudu fukusi peke yake haimwezi dumuzi, ndiyo maana wakulima walipewa unga wa dawa mbili zilizochanganywa. Familia iliyoandika vibaya inaweza kununua dawa isiyofaa na kula mwaka mzima matokeo ya neno moja.

Hadi hapa nimesifu faida. Lakini ningeusifu ufundi huu hata kama usingeokoa gunia moja, kwa sababu unafungua uzuri ambao macho ya haraka huupita. Sisi tuna urithi mkubwa wa kujifunza kwa wadudu. Kitabu cha Methali kinamtuma mvivu kwa chungu. Qurani ina sura inayoitwa Nyuki na nyingine Sisimizi. Wazee wetu wametuambia tufuate nyuki tule asali. Katika urithi huo mdudu ni mwalimu mwenye somo lililokwisha kupangwa: chungu ni bidii, nyuki ni ushirikiano, na kipepeo hana kazi. Mtafiti naye ni mwanafunzi wa mwalimu huyohuyo, ila hamtungii somo. Anakaa chini, anangoja mwalimu afundishe anachotaka.

Jaribu kwa kumbikumbi. Novemba au Desemba, baada ya mvua za kwanza, mtoto wa Mshangano anaandika katika insha yake: "Jana kumbikumbi walikuwa wengi sana, tulifurahi." Furaha yake naipenda, siifuti. Namwomba tu arudi kwenye kichuguu na daftari. Ataandika kwamba mvua ilikatika, hewa ikatulia, na matundu yaliyokuwa yamezibwa yakafunguliwa kwa ndani. Kwanza wametoka askari wenye vichwa vikubwa, wakasimama pembezoni mwa tundu wakitazama nje. Ndipo wenye mabawa wakaanza kutoka. Wanaruka vibaya, wanaanguka, wanajikung'uta mabawa yote manne na kuyaacha chini. Jike mmoja ameinua tumbo akatulia. Dume amemfikia, akamgusa kwa vipapasio. Sasa jike anatangulia na dume anamfuata nyuma, karibu kumkanyaga, mpaka penye udongo laini, na wote wawili wanachimba. Walioliwa na kuku, vyura na sisi wenyewe hawahesabiki. Wawili hawa wakibahatika, ndio watakaokuwa malkia na mfalme wa kichuguu kipya. Hakuna sifa hata moja katika maelezo hayo, wala neno "ajabu". Ajabu yenyewe imeingia bila kualikwa.

Mfaransa Jean-Henri Fabre aliishi kwa kalamu ya namna hii. Alizaliwa mwaka 1823, akawa mwalimu wa shule asiye na mali, na kati ya mwaka 1879 na 1907 alichapisha juzuu kumi za Souvenirs entomologiques, akieleza nyigu, mbawakawa wa samadi na viwavi wa uwanja wake wa mawe kule Sérignan. Aliwahi kuwaangalia viwavi wanaofuatana mkia kwa kichwa wakizunguka ukingo wa chungu kikubwa cha maua kwa muda wa siku saba, akiandika saa kwa saa. Uandishi huo ulimfanya apendekezwe kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ya fasihi hasa, si ya sayansi. Huku kwetu, Thomas Odhiambo, Mkenya aliyebobea katika fiziolojia ya wadudu, aliasisi mwaka 1970 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, kwa imani kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika na Waafrika wenyewe. Mimi naongeza: na waandikwe kwa lugha ambayo mkulima wa Mshangano anaitumia kumweleza mwenzake.

Je, kalamu hii inafaa kwa habari za watu? Inafaa, kwa sharti moja. Mtu wa nyumbani anatuma ujumbe kwenye kundi la familia: "Mjomba amebadilika, siku hizi ana kiburi, hata salamu haitikii." Uandike upya: "Jumapili, nje ya kanisa, saa nne kasoro. Mjomba amepita mbele yangu, hatua nne hivi. Nimesema shikamoo mara moja. Hakugeuka. Alikuwa anatembea polepole, mkono wake wa kulia ukigusa ukuta." Kiburi kimetoweka katika maelezo, kwa kuwa hakuna aliyekiona. Kilichoonekana ni mzee anayegusa ukuta. Anayesoma hatauliza tena kwa nini Mjomba anatudharau. Atauliza kama anasikia vizuri, kama anaona vizuri, na nani atampeleka hospitali. Ugomvi mwingi wa koo zetu huanza na kivumishi kilichokaa mahali pa jambo lililoonekana.

Sharti lenyewe ni hili: tumwangalie mtu kwa makini tunayompa mdudu, tusimwite mdudu. Mwaka 1994 nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na mauaji ya kimbari yakatendeka watu wakiwa wamefungwa macho kwa maneno. Waliotumia jina hilo hawakuwa wameangalia mende, na kwa hakika hawakuwa wamemwangalia mtu. Walifanya kinyume kabisa cha kazi ninayoisifu: walichukua malaki ya nyuso wakazifunika kwa neno moja. Mtafiti huchukua viumbe ambao sote tuliwafunika kwa neno moja, "wadudu", akamtoa mmoja mmoja, mwenye mahali pake, saa yake na alama zake. Aliyezoea kufanya hivyo kwa kiwavi hataridhika kusikia jirani zake wakitajwa kwa jumla.

Kalamu hii haifai kwa kila kitu. Sala haihitaji tarehe, na anayelia msibani asiulizwe amelia mara ngapi. Lakini mahali ambapo maandishi yanadai kusema lililotokea, sioni mtindo mwingine wenye adabu kuuzidi. Unamwambia msomaji: hapa nilisimama, hiki nilikiona, hiki sikukiona, nenda kakague. Maandishi yanayoweza kukaguliwa hayamtaki msomaji amwamini mwandishi kwa sauti yake au cheo chake.

Ndiyo maana natamani shule za Songea zilipe zoezi hili nafasi katika kipindi cha insha. Mwanafunzi aandike kwanza kama kawaida, "Mvua ya Kwanza" au "Siku Nisiyoisahau", kisha apewe sentensi tatu zake mwenyewe arudi kuziandika upya penye kichuguu, penye dimbwi au penye shina la mhindi. Natamani kila mtaa wa Mshangano uwe na daftari moja, likae kwa mwenyekiti, na yeyote anayeleta habari ya shamba au ya maji aandike mahali, saa, idadi, alama, na mpaka wa alichokagua. Miaka michache ya daftari hilo ingetuonyesha kiwavijeshi vamizi hufika lini, huanzia mteremko upi, na ni mashamba yapi yanayoponea pembeni mwa maharage. Kazi hiyo haihitaji darubini wala shahada. Inahitaji kalamu, saa ya mkononi na subira ya kugeuza majani, na inaweza kuanza na mvua hizihizi zinazokuja.